Machicha ya Njia Panda

Bi Ke Shuyun alisimama mbele ya droo za dawa kwa miaka arobaini na moja, hata siku ile Feng Delu, mrithi wa duka lile la mitishamba, alipomwambia kuwa mikono yake imekuwa mizito, akaajiri wapimaji wepesi. Bi Ke hakulia. Aliondoka na hasira yake, wala hakuitua.

Kwetu, dawa ikishachemshwa na kuchujwa, machicha yake humwagwa njiani, wapitao wayakanyage na maradhi yaondoke na nyayo zao. Asubuhi moja ya baridi, mafua yakiwa yameingia kila nyumba, Bi Ke aliyakuta machicha njia panda, bado yakitoa mvuke. Akachutama. Majani ya mforsadi, sawa. Mizizi mitamu ya urukususu, sawa. Kisha akaokota kiini cha kokwa, akakigeuza. Kiini cha aprikoti, kitulizacho kikohozi, ni kinene mfano wa moyo. Hiki kilikuwa kirefu, bapa: cha pichi, kiendeshacho damu, kilichoharamishwa kwa kila mja mzito.

"Haya ya nani?"

"Yangu, shangazi," alijibu Yuzhen, mke wa mshona viatu, akikohoa mlangoni, mkono juu ya mimba ya miezi saba.

"Umeshakunywa?"

"Bado, inapoa."

"Imwage! Na vifurushi vilivyobaki, lete hapa. Unataka mimba ikutoke?"

Alivibwaga vifurushi juu ya meza ya Delu dukani, mbele ya foleni nzima.

"Shangazi Ke! Karibu chai," Delu akacheka. "Droo zimechanganyika kidogo tu. Kiini ni kiini, vyote vinaondoa kikohozi."

"Hata kaburi linaondoa kikohozi, mpumbavu wee!"

"Taratibu, wateja wanasikia."

"Nawataka wasikie! Hawana masikio?"

Akaivuta droo ile ya viini pasipo kusoma kibandiko, akaimwaga yote kizingitini. "Kanyageni! Ugonjwa wa mji huu ndio huu!"

Kisha mzee mmoja mwenye mafua akainua kiatu, akakanyaga. Na wa nyuma yake, na wa nyuma yake.

Bi Ke alikuwa ameshashika mizani. Alimpimia Yuzhen upya kutoka droo nyingine, akikagua kiini kimoja kimoja kwa mikono ile ile mizito.

"Foleni ndefu, shangazi," Delu akanong'ona.

Hakuinua uso. "Basi shika ufagio."