Vitundu vya Jina Refu

"Mjomba, timu ipi kali kuliko zote?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wa fundi cherehani, binti wa miaka tisa, aliyekaa chini ya meza ya kukatia akitenga vifungo kwa rangi. Fundi alikata uzi kwa meno, akainamisha kichwa, akakanyaga cherehani. Binti alidhani hakusikika, akauliza tena kwa sauti. Cherehani ikazidi mbio.

Swali lenyewe halikuwa geni mle ndani. Chumba cha fundi, chenye mlango mmoja na kalenda ya mwaka juzi, ndicho kilikuwa bunge la kriketi la mtaa mzima. Mtu analeta suruali ya kupunguza kiuno asubuhi, mchana bado yupo, suruali imeshasahaulika.

Mwalimu mstaafu alikuwa wa Australia, damudamu. "Makombe sita ya dunia ya ova hamsini, zile mechi za siku nzima, bwana. Sita. Nyinyi wengine mnaleta maneno."

"Kombe ni la wiki chache," muuza magazeti alimjibu, naye alikuwa wa India, haambiliki. "Tazama mwaka hadi mwaka. Wapigaji wale, hata anayekaa benchi angekuwa nahodha kwenu."

"Na Pakistan?" mteja mmoja aliuliza.

"Pakistan wakiamka vizuri hawashikiki," muuza magazeti alisema. " Tabu ni kwamba hujui wataamka lini."

Afrika Kusini walitajwa kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayelala chumba cha pili. Wakali mpaka nusu fainali, mwalimu alisema, halafu miguu inakuwa mizito.

Aliyekuwa akifunga mjadala siku zote ni Kapteni. Hakuwahi kuwa nahodha wa kitu chochote. Jina lilimganda aliporudi na timu ya taifa kutoka kwenye mashindano makubwa, ya kwanza na ya mwisho ambayo nchi yao ilifuzu. Akiingia hukalia stuli ya fundi mwenyewe, na fundi husimama.

"Nyinyi mmewaona kwenye televisheni," husema. "Mimi nimesimama nao uwanja mmoja. Mpira wa Muaustralia ukikupita sikioni, unasikia upepo wake."

Watu humsogelea. Fundi huinamia kazi yake, moyoni akiwa na mengine.

Aliyepaswa kusimama uwanja ule ni yeye. Miaka mitatu alikuwa mlinda wiketi wa timu ya taifa, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, na kwa kuwa cherehani ndiyo kazi yake, chama cha kriketi kikamwachia na jezi azishone. Alishona kumi na tano kwa wiki moja, majina mgongoni kwa uzi wa manjano, na lake akaliweka mwisho ili alifaidi. Lilikuwa jina refu, herufi tisa, likienea bega hadi bega.

Siku mbili kabla ya safari, katibu wa chama akaingia, mikono mfukoni.

"Fundi, atakwenda mdogo wangu. Mambo ya juu, usiniulize. Kitambaa kingine hakuna, kwa hiyo fumua jina lako uweke lake. La kwake fupi, halitakuchosha."

Hapo ndipo palipomla moyo miaka yote. Angeweza kukataa. Angeweza hata kuichana ile jezi mbele ya katibu. Alifumua kwa wembe wake mwenyewe, uzi mmoja mmoja, kitambaa kisije kikachanika, kisha akaipiga pasi.

Kule mdogo wa katibu, ndiye huyu Kapteni, alicheza mechi moja. Aliponyokwa na mipira miwili myepesi, akatolewa bila kupata alama hata moja ya mkimbio. Hilo Kapteni hakulisimulia, na fundi hakulisimulia kwa niaba yake.

Miaka saba baada ya swali lile la chini ya meza, binti akiwa sekondari na akimsaidia mjomba siku za likizo, Kapteni aliingia na mfuko wa plastiki. Chama kilikuwa kinaadhimisha miaka ishirini ya safari ile. Kamera zingekuwepo, na jezi ilikuwa imembana.

"Nipanulie ubavuni, kaka. Na hivi vitundu vya mgongoni uvizibe. Picha zitapigwa kwa karibu."

Binti aliitandaza mezani. Jina halisi la Kapteni lilikaa katikati, herufi nne, na pande zote mbili kulikuwa na safu za vitundu vidogo mno. Mwalimu, aliyekuwepo na muuza magazeti kama kawaida, akavaa miwani.

"Vya nini hivi?"

"Nondo, vile vidudu vya nguo," Kapteni akasema. "Kabati la mama lile."

Fundi aliweka mkasi mezani. "Nondo hatoboi kwa mstari, Mwalimu. Hizo ni herufi. Zisome."

Mwalimu alipitisha kidole, midomo ikitembea. Akafika mwisho, akainua macho kwenye kibao kilichokuwa juu ya mlango, chenye jina la fundi. Muuza magazeti naye akatazama huko huko.

"Ya zamani hayo, kaka," Kapteni alisema. "Hata ungekwenda wewe tungefungwa."

"Huenda."

"Sasa utanishonea au niende kwingine?"

Fundi alichukua futi, akamzungushia tumboni, akaandika kipimo kwa chaki. "Ubavu nitaupanua. Vitundu vitabaki."

"Huwezi, au hutaki?"

"Njoo Jumamosi uchukue."

Kapteni alitoka. Mwalimu akakumbuka ana mgonjwa wa kutazama, muuza magazeti akakumbuka meza yake ya magazeti. Stuli ikabaki tupu, na fundi hakuikalia.

"Mjomba," binti akasema, kidole chake kikiwa bado mgongoni mwa jezi, "niliwahi kukuuliza timu ipi kali kuliko zote. Hukunijibu."

Fundi alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukakosa tundu mara mbili.

"Sijui, mama," alisema. "Sikucheza na hata moja."