Ijumaa za Ami Pak

Harufu ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na vitunguu saumu ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kwetu, Ami Pak akafuata. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya pili mtaa wa Hindawiya, Jeddah, na baba yangu alitunza stoo katika kampuni ya Wakorea waliokuwa wakijenga gati bandarini. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini na mgeni, Mkorea mfupi wa mabega mapana, dereva wa kreni pale kazini, amekumbatia mtungi kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kiarabu, kisha akaja kuninong'oneza jikoni, "Zuwena, kipeleke kitu hiki juu ya paa kabla majirani hawajaja kuuliza nani amekufa humu."

Tangu siku hiyo, msimu wote ule wa joto, Ijumaa haikupita bila yeye. Alikula wali wa nazi wa mama mpaka jasho likamtiririka, na alizungumza Kiarabu cha kazini, maneno matatu na mafi moja, yaani hakuna, ambacho sisi watoto tulikielewa kuliko wakubwa. Kitu kimoja kilinishangaza. Honi ya meli ikilia bandarini, na kwetu zilisikika kutwa, Ami Pak aliacha kutafuna. Kijiko kilisimama hewani mpaka honi inyamaze. Siku moja sikuweza kujizuia, nikamuuliza, "Ami, unaogopa meli?"

Baba alinikata jicho. Lakini Ami Pak aliinuka, akaenda kufungua friji yetu, akakwangua barafu kwa kucha na kunitilia kiganjani. "Hii," alisema. "Nchi yote, hii." Kisha akakaa akasimulia. Alikuwa mdogo kuliko mimi vita vilipowafikia kwao, kaskazini mwa Korea. Majeshi ya kigeni yalikuwa yakirudi nyuma, yakakusanyika kwenye bandari ili yaondoke kwa meli pamoja na vifaru na mizinga yao, na raia wakayafuata, maelfu wamesimama kwenye theluji wakiomba nao wachukuliwe. Mwishowe wakaruhusiwa. Mama yake alimpandisha, akamsimamisha kando ya nguzo, akamwambia, "Usiondoke hapa. Namfuata dada yako." Akashuka. Watu waliendelea kupanda, wakajaa mpaka hapakuwa na pa kukaa, kisha honi ikalia na meli ikang'oka. Hakuondoka penye ile nguzo safari nzima. Nyuma yao wanajeshi waliilipua bandari, na aliyeachwa akabaki huko, maana baada ya vita nchi ilibaki vipande viwili na mpaka ukafungwa.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika sahani mkononi, hajui aiweke wapi. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka Unguja baada ya mapinduzi, msichana bado, na bibi yangu akabaki. Kwetu habari hiyo haikutajwa. Ukimuuliza juu ya bibi alikujibu, "Nikimtafuta nitamponza," na mazungumzo yakaishia hapo. Siku hiyo alimwongezea mgeni wali bila kuulizwa, na ule mtungi akautoa paani kwa mkono wake.

Kabla msimu haujaisha, kanda za video zilifika kambini kwa Wakorea. Televisheni ya kwao ilikuwa ikiwaonyesha watu waliopoteana vitani, kila mmoja na bango kifuani. Baba alinichukua nikaone. Ukumbi wa chakula ulijaa wanaume wenye ovaroli, kiyoyozi kinanguruma, na wote wamekaza macho kwenye skrini. Nyuso zilipita moja baada ya nyingine. Ghafla Ami Pak aliinuka. Mwanamke wa makamo alikuwa akisema mbele ya kamera, na mtu mmoja nyuma yetu akamtafsiria baba: anamtafuta kaka yake, aliyesimamishwa kando ya nguzo ndani ya meli.

Simu ilipigwa kesho yake kutoka ofisi ya kambi. Baba alituhadithia alivyorudi, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema. Dada alikuwa yeye kweli. Yeye na mama yao walipata nafasi katika meli ya nyuma, wakashuka kisiwa kile kile cha kusini alikoshushwa yeye. Miaka yote hiyo walikuwa nchi moja na Ami Pak, mama akizunguka masokoni akiuliza. Alikufa majira ya baridi yaliyotangulia.

Ami Pak alikuja kutuaga. Hakula. Mama alimfungia halua, na pale mlangoni akamuuliza kwa Kiarabu, "Ungemtafuta mapema, ungemwona?" Akajibu, "Nilidhani amebaki kule. Nilidhani, halas, yamekwisha." Mama alifunga mlango, akamgeukia baba. "Baba Zuwena, mimi nakwenda Unguja. Wakinikamata, wanikamate." Alikwenda. Bibi alikuwa hai, macho hayaoni tena, akamtambua mwanawe kwa kumpapasa uso. Waliishi pamoja majuma machache tu, mama akarudi kwetu. Hawakuonana tena.

Sasa naishi Riyadh, mtaa wa Nasim, na binti yangu Rahma ni muuguzi huko Jeddah. Vita vya Sudan vilipoanza, meli za jeshi zilileta watu kutoka ng'ambo ya pili ya bahari, na Rahma alikuwa miongoni mwa waliowapokea gatini. Alinitumia picha, nikaona watu waliopoteana wakipatana mle mle bandarini kwa simu tu, nikasema jamani, dunia imekuwa nyepesi. Ndipo aliponipigia. Alikuwa na mama mmoja aliyemwacha mwanawe Khartoum, anampigia kila mara. "Inaita tu, mama, haipokelewi. Nimwambie nini?"

Ami Pak alinyamaziwa na nchi nzima, akaweza kujiambia halas. Mwanamke huyu anasikia simu ya mtoto wake ikilia ndani ya nyumba aliyoiacha, na kwa kuwa inalia, hawezi kuacha.

"Usimwambie kitu," nilimjibu. "Mtafutie chaja, kisha ukae naye."