Senti za Tundu za Mdogo Wangu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya palizi, mimi ni binti mbichi mwenye haraka zangu, nikamwambia mama, "Mama, leo tutalala huku! Wenzetu wote wameshamaliza, wewe bado unakwaruzakwaruza tu." Domo langu halikuwa na breki tangu zamani. Mama hakupandisha sauti. Akasema, "Nenda kalime kule juu. Kipande hiki niachie mwenyewe. Mdogo wako yumo humu." Nilinywea, nikachukua jembe langu nikapanda.

Nikueleze. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, mlima uliporomoka hapa kwetu Kinole, ukaisomba nyumba yetu na mdogo wangu Saidi ndani yake. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kiunoni mama alimfunga senti za tundu na kikengele, ili akielekea mekoni amsikie. Senti mbili zilikuwa za Mwingereza, zenye pembe za ndovu kuzunguka tundu. Moja ilikuwa ya Mjerumani, yenye taji, mama aliachiwa na bibi yake. Uzi ulikuwa unakatika kila mara, basi akazifunga kwa waya wa shaba. Wanaume walichimba tope mpaka wakachoka, Saidi hakuonekana. Akasaliwa bila mwili, dua ikasomwa, watu wakarudi makwao.

Miaka yote iliyofuata mama alilima polepole mteremko ule ulioporomoka, jembe analishusha kama anaogopa kumwamsha mtu. Waliomwita mvivu walikuwepo, na mimi niligombana nao sana. Siku zake za mwisho alinishika mkono: "Ukimpata, mlete karibu yangu. Hata mfupa mmoja." Nikasema, "Ndiyo, mama." Ningesema nini?

Haya. Mwaka jana nilikwenda Turiani kumuuguza dada yangu. Huku nyuma mjukuu wangu Hamisi na rafiki yake Frank wakakodi mjini ile mashine ya kutafutia vyuma, unaipitisha juu ya ardhi, ikikuta kitu inalia. Si unajua vijana wa siku hizi na ile homa yao ya mali aliyoifukia Mjerumani! Wakapima shamba langu lote, wakapima na ya majirani. Hawakumuuliza mtu.

Niliporudi wakanipokea mzigo, "Shikamoo, Bibi," halafu wakanimwagia ndoo yao mkekani. Misumari, kufuli bovu, jembe lililolika, na senti tatu walizozisugua kwa majivu na limau mpaka zinang'aa. Frank alikuwa na picha kwenye simu, akazitambua moja moja bila kukosea. "Hii ya Mjerumani, Bibi, angalia taji. Hizi za Mwingereza, zina pembe za ndovu. Kuna watu wananunua." Nikakaa mkekani, nikaziokota zile senti tatu.

"Zilikuwa pamoja?"

"Pamoja kabisa, zimefungwa waya wa shaba. Tumeukatia hapa nyumbani tukautupa jalalani. Bibi, umejuaje?"

"Na kikengele?"

Hamisi akakitoa mfukoni. Kilikuwa kimejaa udongo, hakilii.

"Mlizitoa wapi?"

Wakatazamana. "Bibi, tumechimba sehemu nyingi," Hamisi akasema. "Vyote tulikuwa tunatia humuhumu ndooni. Na mashimo tumefukia."

Jamani! Ni kweli walifukia, wakasawazisha vizuri, kama nilivyomfunza Hamisi mwenyewe. Nikawaeleza habari ya Saidi, tukapanda wote mteremkoni. Mvua ilikuwa imeshanyesha, udongo wote sura moja, majani yameanza kuota. "Labda hapa, Bibi. Au pale." Wakawasha mashine yao, tukazunguka nayo mpaka jua likazama. Haikulia hata mara moja. Ingelia nini, wakati vyote vya kuiliza alivyokuwa navyo Saidi nilikuwa nimevishika mimi mkononi? Hamisi alikaa chini akalia kama mtoto, nami nikalia naye. Mama yangu amelala peke yake mpaka leo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kutafuta mali ya zamani, tafuta. Lakini kabla hujatia jembe kwenye ardhi ya watu, kaa na wazee wa hapo, waulize nani amelala wapi. Na ukikuta kitu, hata kiwe msumari, mkono usikimbilie limau wala simu. Choma kijiti palepale, acha kila kitu kilivyokaa, umwite mtu. Pesa ya zamani utaitambua hata kesho, lakini mahali ulipoitoa ukishapasahau, hakuna wa kukurudishia.

Mungu akupe riziki ya halali, akupe na subira ya kuuliza. Na wote unaowapenda, siku yao ikifika, akujalie ujue walipolazwa.