Jina Lililogoma Kutoka Kwenye Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini Kurasini, Mhandisi Mkuu alinionesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza, akasema, "Kumbukumbu yake ndogo. Ukiifanyia fujo itakuzimikia mbele za watu." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni binafsi zinafunguliwa kila kona, na yetu ilikuwa ya kupakua meli. Mie ndiye mwandishi wa programu, na kiburi nilikuwa nacho.

Nyie mnaotapanya kumbukumbu, nisikilizeni. Niliandika kigawaji changu mwenyewe. Programu inaiomba mashine kumbukumbu mara moja tu, pande kubwa, halafu kigawaji kinalikata vyumba vilivyo sawa. Orodha ya wafanyakazi ikiongeza mtu, inapewa chumba. Mtu akiondolewa, chumba kinarudi akiba, kingoje mwingine. Kukisafisha? Aa wapi, kupoteza muda! Jina la zamani nililiacha humo mpaka mgeni aje.

Mwaka wa pili kuli wetu mmoja, Shomari wa Temeke, alianguka baharini, na mwili haukuonekana. Tukamwondoa kwenye orodha kuu ya wafanyakazi. Asubuhi iliyofuata msimamizi wa zamu akasoma getini karatasi ya zamu iliyochapwa na mashine: "Shomari!" Watu wakatazamana. Kesho yake tena. Siku ya nne kuli mmoja akaapa kwamba nyuma yake kuna mtu ameitika. Mie si mtu wa kuamini hayo.

Mkewe, Bi Saada, alikuwa amekaa eda ya kufiwa. Aliposikia mumewe anaitwa, akatoka edani, akawa kila asubuhi anakuja getini na bakuli la chakula.

"Anayeitwa kazini hajafa," alimwambia msimamizi.

Mhandisi Mkuu alinijia juu. "Tafuta kosa. Na ukilipata, wewe ndiye utakayemwambia yule mama."

Nililipata. Orodha ya zamu, niliyoiunda kando, ilikuwa bado inashika anwani ya chumba cha Shomari. Chumba kilisharudishwa, lakini tangu ajali hakuna aliyeajiriwa, basi jina likawa limo vilevile. Kosa langu mwenyewe, wala sina wa kumsingizia.

Nikamwita Bi Saada ofisini. "Dada, mashine haijui kama yuko hai. Ni mie sikufuta."

Akakitazama kioo cha kompyuta, jina likiwa pale. "Kwa hiyo hapa ndipo alipobaki?"

"Ni jina tu, dada."

"Kaburi hana. Ukifuta, atakuwa wapi?"

Akavuta kiti, akaweka ushungi vizuri, akasoma Yasini taratibu mpaka mwisho, macho kwenye lile jina. Halafu akasema, "Haya, kaka. Futa."

Kesho yake msimamizi alisoma karatasi nzima. Alipopita pale jina lilipokuwa, makuli wote wakageuka nyuma.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Chanika. Tangu siku ile kila chumba kilichorudi nilikisafisha, na kila orodha iliyokishika niliiambia kwamba kimerudi. Vijana hunicheka kwamba kusafisha kunapunguza kasi. Kweli kunapunguza. Lakini wao hawakuwepo Bi Saada alipoinuka kwenye kile kiti, akachukua bakuli lake, akaniambia, "Zile siku nilizokaa hazihesabiki, nilikuwa bado namngoja. Eda naianza leo."