Shauri la Walimaji Wanane

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mushaki, nilipewa boksi la chaki, fimbo, na karatasi za hesabu zilizopigwa mashine kwa Kiswahili cha misheni. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha karibuni, nami nilikuwa nimetoka shule ya wamonita, yaani walimu wenyeji wa shule za msingi. Direkta, padri mwenye ndevu nyekundu, alinionyesha watoto arobaini na mmoja waliojikunja kwa baridi.

"Inspekta atakuja kabla ya likizo kubwa," akasema. "Akiona watoto hawa wanaweza kufikiri, tutapewa digrii ya pili. Akiona hawawezi, shule inaishia mwaka wa pili, na wote wanarudi kwenye viazi."

Digrii ya pili ilikuwa miaka mitatu inayofuata ile miwili ya kwanza. Bila hiyo mtoto alijua kusoma majina ya watakatifu, basi.

Kuzidisha na kugawanya waliimba vizuri. Taabu ilikuwa mafumbo ya hesabu, yale ambayo hayasemi gawanya wala jumlisha, mtoto mwenyewe atafute njia. Nikasoma la kwanza kwa sauti na kuliandika kwenye tablo: walimaji wanne wanalima shamba kwa siku sita, walimaji wanane watalilima kwa siku ngapi?

Kimya. Nikangoja, nikangoja tena. Wote waligeuka nyuma, alikokaa Ndoole, mkubwa wao, ambaye nyumbani walikuwa wameanza kumtafutia mke. Ndoole akakohoa kwanza, kama mtu mzima.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" wakaitikia wale arobaini.

"Watu wakiongezeka, siku nazo zinaongezeka? Ndoole, namna gani?"

"Mwalimu, wanane njo wengi. Watazungumuza sana." Katika Kiswahili cha kule, njo ni ndio.

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Kwa wiki sita nilibadilisha walimaji kuwa mbuzi, mbuzi kuwa mizigo, mizigo kuwa viazi. Kila siku ilikuwa ile ile: kimya, kikohozi, Ndoole, kwaya. Nilipiga kelele. Nilitumia fimbo, sifichi. Nilimwandikia direkta kwamba vichwa vya watoto hawa ni mawe, na katika barua zangu zote hiyo ndiyo ninayoionea haya. Alinijibu neno moja: "Rudia." Huo ndio uliokuwa ualimu wa wakati ule. Kisichoeleweka kilirudiwa mpaka mwalimu mwenyewe asikielewe.

Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta Bauma, mdogo kuliko wote, amechuchumaa nyuma ya darasa. Alikuwa amechora chini shamba la vipande ishirini na vinne na kuwagawia walimaji wanane.

"Inatoka ngapi?"

"Siku tatu, mwalimu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Sasa kwa nini uliitika kumi na mbili pamoja nao?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Ndoole alikuwa amekwisha kukata shauri. Mukubwa akikata shauri, mutoto atasema nini tena?"

Nilirudi mbio kwenye karatasi zangu. Juu ya kila fumbo yalikuwapo maneno niliyoyasoma kwa sauti kila asubuhi bila kuyasikia: Shauri la kwanza. Shauri la pili. Kitabu cha Kifaransa kilisema problème, yaani swali la kutatua, na mtafsiri wa misheni akachukua neno lililokuwa karibu. Lakini katika milima ile shauri ni kesi, husikilizwa na wazee, na watoto hunyamaza. Wiki sita nimewaita barazani, kisha nikawapiga kwa sababu ya adabu yao!

Ningeweza kulifuta neno lile. Nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikalitumia lilivyo.

"Leo jibu njo mushitakiwa," nikawaambia. "Kila mutu ni shahidi. Mudogo anaanza, mukubwa anamaliza."

Bauma alisimama, akasema siku tatu. Ndoole naye akasimama.

"Mwalimu, mutoto wa juzi ananishitaki mimi?"

"Hakushitaki wewe, Ndoole. Anashitaki kumi na mbili."

"Kumi na mbili, mimi njo niliizaa!"

Akatoka. Siku mbili hatukumwona. Siku ya tatu alirudi na udongo miguuni. "Nimelima na kaka zangu," akasema. "Wawili, kisha wanne. Kweli, siku zinapunguka. Lakini walizungumuza sana."

Inspekta alipofika alitoa fumbo lake mwenyewe: ng'ombe sita wanamaliza rundo la majani kwa siku kumi, ng'ombe kumi na watano je? Watoto walishuhudia mmoja mmoja, wakasema siku nne. Inspekta akatazama daftari lake.

"Hapana. Ni tano."

"Tunashitaki tano," akasema Bauma.

Direkta alinifinya mkono. Inspekta akawa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo Ndoole aliposimama, akakohoa.

"Bwana mukubwa, hatushitaki wewe. Tunashitaki tano."

Inspekta akageukia dirisha, akapiga hesabu, akakawia sana. Hatimaye alimwambia direkta kwa Kifaransa kwamba ni nne. Watoto hakuwaambia kitu.

Digrii ya pili tukapewa. Mimi nikahamishiwa Mpofi, katika msitu wa Walikale. "Umewafundisha vizuri mno," direkta akaniambia. "Funga mizigo."

Baada ya Mpofi nilifundisha Kashebere, kisha kwingine na kwingine, kwa maana miguu yangu haikai, na chaki nimeiweka chini kabla ya kufikisha umri wa miaka hamsini. Mushaki naikumbuka hata baridi yake. Vijana walimu huniuliza wafanyeje ili kufungua vichwa vya watoto, nami hukasirika, kwa kuwa huniuliza daima juu ya vichwa vya watoto tu.

Mwaka wa kwanza kule Mpofi nilikuwa nikieleza fumbo la mitego ya wawindaji. Msichana mmoja, Faida, akasimama. "Mwalimu, hapana."

Nilimwambia akae. Akakaa. Jioni nilirudia hesabu, nikaona kweli ilikuwa yake. Kesho yake sikumwambia, wala kesho kutwa. Darasa lile likatulia mwaka mzima, na direkta wa kule akaandika katika ripoti yake kwamba hajapata kuona monita mwenye nidhamu nzuri kama yangu.