Damu ya Mama wa Njoro

Dada wa mapokezi wa kliniki ya ngozi aliposema, "Mama, damu ni damu tu," nilimfungua mwanangu mgongoni nikamlaza juu ya meza yake, kati ya simu na maua ya plastiki.

"Basi mnyonyeshe wewe," nikamwambia.

Mtoto akaanza kulia. Dada akasogeza kiti nyuma kama vile nimemwekea sufuria ya moto.

"Mama, usitufanyie fujo. Hapa wanakuja watu."

"Na mimi nilipolala kwenye kitanda chenu nilikuwa nani?"

Akamwita mlinzi. Mlinzi, mtu mzima wa makamo, alimchukua mtoto, akanirudishia mgongoni, akanishikia ncha ya khanga mpaka nikafunga. "Twende, mama," akasema kwa upole, na ndivyo nilivyotolewa nje.

Mimi nalima mpunga Mabogini. Kupandikiza ni kuinama tangu asubuhi, na jua la kule linakupiga mara mbili: lile la juu na lile linalorudi kutoka majini. Nilipobeba mimba uso ukaota madoa meusi, mashavu yote na juu ya mdomo. Kwaya nzima ya kanisani ilijua sababu kabla yangu. "Mwenzetu mkorogo umemkataa," walisema, tena kwa sauti ya kwanza na ya pili. Mkorogo, hizo krimu za kujichubua, sijawahi kupaka. Nani aniamini?

Kwa hiyo kliniki ile ya ngozi ya mjini iliposema haina kemikali yoyote, nilienda. Wanakutoa damu yako mwenyewe, wanaiweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi mpaka inajitenga. Juu yanabaki maji ya manjano kama mafuta ya alizeti, yenye zile chembe zinazogandisha damu na kufunga vidonda. Wanakuchoma hayo usoni kwa visindano ili ngozi iliyoungua ijitengeneze. "Hata anayenyonyesha hana shida," waliniambia. "Ni damu yako inarudi kwako."

Waliniandika kwa jina la mtoto, Mama Fulani, kama ninavyoitwa kila mahali. Jina lenyewe silitaji, ni lile la kumshukuru Mungu ambalo huku mlimani kila ukoo unalo. Wakanitoa damu, nikalala, nikapakwa ganzi. Nesi akaingia na kichupa, akaniita, nikaitika. Kichupa kilikuwa na karatasi, niliisoma nikiwa chali: Mama Fulani, Njoro. Nikadhani Njoro ndiko vichupa vinakotengenezwa. Nikafumba macho wakaanza kunichoma.

Nilipotoka, uso unawaka, dada wa mapokezi akaita, "Mama Fulani wa Njoro." Nikainuka. Na mwanamke mwingine akainuka, naye uso umejaa vitobo. Tukacheka. "Kumbe watoto wetu ni masomo, jina moja," akasema. Akalipa, akapanda bodaboda. Nilibaki nimesimama na kicheko mdomoni, ndipo ile karatasi ikanirudia. Mimi ni wa Mabogini, siyo wa Njoro.

Nikarudi ndani kuuliza, na nesi nilimwona alivyobadilika. Akageuka kumtazama daktari wake. Daktari akasema nimesoma vibaya kwa sababu ya ganzi. Ganzi ilikuwa mashavuni, macho yalikuwa yangu.

Hospitali walinipokea vizuri. Walinipima, wakanipa vidonge vya kukinga virusi, wakasema nitarudia vipimo, kwa sababu ugonjwa mwingine hauonekani upesi. Kuhusu maziwa walinishauri nisimame kwanza, nitumie ya kopo. Yule daktari wa kike alisema jambo moja lililonikaa kichwani: mwenye ile damu akipatikana akapimwa, nitajua niko wapi. Nikarudi kliniki kuomba namba ya simu tu. Wakasema ni siri ya mgonjwa. Nikarudi tena. Wakasema hakuna mgonjwa kama huyo. Mara ya tatu ndiyo ile ya mtoto mezani.

Mume wangu, mpagazi wa watalii, alikuwa amepandisha wageni mlimani, simu haipatikani. Nikapanda kwa mama mkwe, maana ndiye aliyenilea uzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso umefanya nini, umegombana na nyuki?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akimenya ndizi.

"Mbuzi wangu mzima nilikuchinjia ulipojifungua," akasema. "Kisusio, supu ya damu yake, ulikunywa mpaka ukakataa, urudishe damu. Ukaipeleka mjini wakaizungushe kwenye mashine. Sasa anayo nani?"

"Mama wa Njoro."

"Basi ashukuru. Ile ilikuwa damu ya maana."

Nilicheka, na kucheka kukageuka kilio. Mtoto alikuwa anachimba kwenye blauzi yangu akitafuta ziwa, anapiga kelele za hasira, kijiko cha maziwa ya kopo anakitema. Mama mkwe akamtazama, akaacha kisu. Nilienda nyuma ya nyumba, nikakamua, nikamwaga kwenye shina la mgomba. Maziwa yalitoka mengi, meupe, mazuri kwa macho.

Asubuhi nilishuka kwenye ofisi inayosimamia vituo vya afya. Afisa alikuwa mzee mwenye miwani.

"Jina kamili?"

"Mama Fulani."

Akainua kalamu. "La kwako, binti yangu."

Nikataja yangu yote matatu. Akaniuliza kama nadai fidia, nikasema hapana, akanipa karatasi niandike mwenyewe. Niliandika nimesimama, mtoto mgongoni analia, na hivi ndivyo ilivyosomeka ilipogongwa muhuri:

"Nalalamika kwamba nilichomwa usoni damu ya mgonjwa mwingine kwa sababu tuliandikwa kwa majina ya watoto wetu. Kliniki wanakataa. Naomba huyo mama wa Njoro atafutwe. Naye amechomwa damu yangu na hajaambiwa. Aelezwe kwamba vipimo vyangu vya kwanza ni safi. Naomba na yeye akubali kupimwa, na mimi nielezwe haraka, kwa kuwa nina mtoto mchanga na sijui kama nimnyonyeshe."