Bweni la Baridi la Bi Ardis

Bi Ardis Tollefson alilelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na mtu aliyezoea kukamua hahitaji saa ya kumwamsha. Alipoingia nyumba yetu ya udada, makazi ya chama cha wasichana pale chuoni, Iowa, mwaka 1938, wenzake waligundua hilo wiki ya kwanza tu, wakampa kazi ya kuamsha. Saa za kengele zilikuwa marufuku bwenini. Alfajiri Ardis alipita katikati ya vitanda vya dabo deka akigusa bega la huyu, bega la yule, kila mmoja kwa saa aliyoomba.

Bweni lilikuwa juu kabisa, chini ya paa, madirisha wazi hata theluji ikianguka. Dada arobaini walilala humo pamoja. Vyumba vya chini vilikuwa vya kusomea na kuweka nguo.

"Baridi ile ndiyo iliyotufanya ndugu," alikuwa akituambia. "Huwezi kumnunia mtu mliyetetemeka naye."

Nilipojiunga mimi, mwaka 1976, alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa kamati ya wahitimu wanaosimamia nyumba kwa miaka ishirini na tano, na sisi tulikuwa tumebaki kumi na tisa. Makao makuu ya chama yalishaandika: msipofika thelathini ifikapo Septemba ijayo, tawi linafutwa na nyumba inafungwa. Wasichana waliokuja kututazama waliipenda sebule, wakaipenda ngazi. Wakipandishwa bwenini, walishukuru kwa adabu na hatukuwaona tena.

Rais wetu, Denise Kolar, alimwomba Bi Ardis akubali bweni ligawanywe vyumba vyenye joto. Bila saini yake fundi asingegusa msumari.

"Mnataka hoteli," Bi Ardis akasema.

"Tunataka watu, Bi Ardis."

"Watu wanaoogopa upepo? Wa nini?"

"Basi njoo ulale nasi siku moja. Januari hii hii. Au umri haukuruhusu?"

"Hebu niondokee! Mnanipa kitanda cha juu au cha chini?"

Akaja Ijumaa na mfarishi wake, na kofia ya sufu ya mumewe kichwani. Sote tulipanda naye, tukajifunika mpaka pua. Nawaambieni kweli, hatukupanga kumtoroka. Mmoja alikwenda msalani hakurudi, wa pili akamfuata, na sisi wengine tukaona isiwe tabu, tukawafuata.

Saa kumi na nusu alfajiri Bi Ardis akaamka kama kawaida yake. Akanyoosha mkono kitanda cha jirani, akagusa mto. Cha pili, mto. Akashuka na soksi zake mpaka chumba cha kufulia, kule boila ya kupashia nyumba joto inakonguruma, akatukuta: magodoro tisa sakafuni, wasichana kumi na tisa, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Nilifumbua macho nikamwona amesimama mlangoni.

"Tangu lini mnalala hapa?" akaniuliza.

"Tangu Novemba, Bi Ardis."

"Kila siku?"

"Isipokuwa tukijua unakuja. Hapo tunatandika juu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Denise alijibu bila kufumbua macho. "Tulikuambia. Ukasikia hoteli."

Patrice, aliyelala karibu na boila, akakohoa, akajigeuza, akampiga teke mwenzake, na mwenzake akavuta blanketi lote.

"Kelele, nyie! Kuna mgeni!" mmoja wetu akafoka.

"Mgeni gani?" Bi Ardis akasema. "Sogeeni huko, miguu yangu imekufa ganzi."

Akajipenyeza kati yangu na Patrice, akalala hadi saa mbili. Ilibidi tumwamshe.

Alitia saini mezani, akila uji wa shayiri, ila kwa sharti lake: kila chumba kiwe cha watu wanne.

"Anayetaka kulala peke yake akapange mjini," akasema.

Mafundi walianza Machi. Septemba tulikuwa thelathini na wawili.